Chombo Hiki ni cha Nani?

Kila mwaka wanafunzi wa shule za sekondari katika nchi yetu ya Kenya hukusanyika kwa mashindano ya sayansi na uhandisi. Hukutana kwanza katika kaunti ndogo, kisha katika kaunti, kisha katika kanda, na walio bora hufika kwenye mashindano ya taifa. Ukumbi hujaa meza, na juu ya kila meza pana chombo: hapa mtambo wa kunyunyizia miche maji, pale jiko lisilotoa moshi, kando yake kengele ya kuonya watu gesi inapovuja. Nyuma ya kila meza husimama wanafunzi, mashati yao yamepigwa pasi, wakiwangoja waamuzi. Mgeni apitaye humo hutoka akisema kwamba nchi yenye vijana kama hawa haina haja ya kuiogopa kesho.

Mimi nimepita humo mara nyingi: kwanza nilikuwa mwalimu aliyeleta wanafunzi, baadaye nikawa mwamuzi, na sasa ni mkufunzi katika chuo cha ualimu. Nayapenda mashindano haya, na kwa kuwa nayapenda, leo sitayasifu. Nataka kukuuliza wewe, msomaji, uliyesimama nyuma ya meza au utakayesimama hapo mwakani, swali moja ambalo huulizwa mara chache mno: chombo hiki ni cha nani?

Nasema waziwazi. Vyombo vingi nilivyoviona mezani havikutoka katika akili wala mikono ya wanafunzi waliovionyesha. Vilitoka katika akili ya mwalimu, mikono ya fundi wa mjini na mfuko wa mzazi. Mwanafunzi alipewa maneno ya kusema, akayakariri kama kasuku, akasimama kuyatoa. Huo ni uongo uliovikwa koti jeupe la maabara, na wenye kuumizwa nao zaidi ni wale wanaodhaniwa kusaidiwa.

Asidhani mtu kwamba nawatupia wenzangu mawe hali mimi ni safi. Kosa langu nitalikiri kwanza, kisha nitakuwa na haki ya kusema.

Katika mwaka wa pili wa ualimu wangu nilikuwa nafundisha fizikia katika shule ya kutwa. Nilikuwa kijana, nami nilikitamani kikombe kuliko nilivyoitamani elimu. Wasichana wawili wa kidato cha pili walinijia na swali. Walikuwa wameona kwamba mpishi wa shule alitumia kuni nyingi zaidi kupika githeri siku za upepo kuliko siku za utulivu, ingawa sufuria ni lile lile na mahindi ni yale yale. Walitaka kujua upepo hula kuni kiasi gani, na kama ukuta mdogo wa mabati ungeweza kuziokoa. Niliwasikiliza kwa adabu, nikawaambia wazo lao ni zuri. Moyoni nilisema: nani atatoa kikombe kwa habari za kuni?

Basi niliwatafutia kitu kikubwa. Nilikwenda mjini kwa fundi wa redio, tukanunua vipande vya umeme, na kwa majuma matatu mimi na yeye tukaunda kengele ya kuonya gesi inapovuja. Fundi alilehemu, mimi nikachora mchoro, na wasichana wale wakapewa kurasa mbili za kukariri. Walikariri vema. Tulishinda katika kaunti ndogo, tukashinda katika kaunti, na mwalimu mkuu akatupigia makofi mbele ya shule nzima.

Katika mashindano ya kanda akaja mwamuzi mmoja, mama mtu mzima, mpole wa sauti. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kidole juu ya waya mwekundu, akauliza, "Ukiutoa waya huu, nini kitatokea, na kwa nini?" Msichana aliyekuwa akisema alinyamaza. Akanitazama. Mimi niliinamisha uso nikatazama viatu vyangu. Mwamuzi hakumkaripia, alimshukuru, akaandika kitu katika karatasi yake, akaenda meza nyingine.

Tulirudi katika matatu bila ya mazungumzo. Karibu na nyumbani msichana yule aliniuliza, "Mwalimu, kwani lile swali letu la kuni lilikuwa baya?" Sikuwa na jibu. Muhula uliofuata hakuja tena katika chama cha sayansi, wala mimi sikuthubutu kumwuliza sababu, kwa kuwa niliijua.

Ndipo nilipofahamu kwamba nilikuwa nimemwibia. Alikuja kwangu na swali lake mwenyewe, kitu adimu kuliko kikombe, nikalichukua na kumpa badala yake chombo cha watu wengine. Nguo ya kuazima haisitiri. Ilipovuliwa mbele ya watu, aliyeona aibu ni yeye, si mimi niliyemwazima. Nilimfundisha pia jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha fizikia: kwamba mawazo yake hayatoshi, na kwamba mtu hupanda juu kwa mabega ya mwingine na kwa ulimi wake mwenyewe. Na katika ukumbi ule ule walikuwako wanafunzi wa shule nyingine waliounda vyombo vyao kwa mikono yao, vikapinda, vikatetemeka, vikashindwa mbele ya chombo cha fundi wangu. Hao nao niliwaibia.

Wapo watakaonijibu, nami majibu yao nayajua, kwa sababu zamani yalikuwa yangu.

Watasema kwanza kwamba shule nyingi ni maskini: hazina maabara, hazina vifaa, na mwalimu asipotafuta chombo mahali pengine, wanafunzi wake hawataonyesha kitu. Hoja hii ina sauti ya huruma, lakini haisimami. Itazame Shule ya Sekondari ya Keriko, shule ya kutwa ya kijijini huko Njoro, katika kaunti ya Nakuru. Peter Tabichi alifundisha hapo hisabati na fizikia, wanafunzi wakiwa 58 kwa mwalimu mmoja, na shule ikiwa na kompyuta moja tu. Mwaka 2018 wanafunzi wake walipeleka kwenye mashindano ya taifa kifaa cha kuwawezesha vipofu na viziwi kupima vitu, wakashika nafasi ya kwanza miongoni mwa shule za umma. Mwaka uliofuata waliteuliwa kwenda Arizona, Marekani, katika mashindano ya kimataifa ambayo mizizi yake ni maonyesho yaliyofanywa Philadelphia mwaka 1950. Mwaka huo huo wa 2019 Tabichi alipewa tuzo ya mwalimu bora wa dunia, dola milioni 1. Kama umaskini wa vifaa ungekuwa sababu ya kutosha, habari hii isingalikuwako.

Tena mtazame Richard Turere, mwana wa Kimaasai aliyechunga ng'ombe wa baba yake kando ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Simba walikuwa wakitoka mbugani usiku na kuwaua ng'ombe. Yeye hakuwa na maabara; alikuwa na zizi. Alijaribu moto kwanza, akaona kwamba moto uliwasaidia simba kuona ndani. Akajaribu sanamu ya mtu. Simba waliiogopa siku ya kwanza. Siku ya pili walitambua kwamba haisogei, wakaua. Kisha, usiku mmoja alipokuwa akizunguka zizi na tochi, simba hawakuja, naye akafahamu kwamba wanauogopa mwanga unaotembea. Akatwaa betri kuukuu ya gari, kifaa cha kuwashia na kuzimia taa za pikipiki, balbu za tochi zilizovunjika na paneli ya kuchaji betri kwa jua, akaunda taa zilizowaka kwa zamu kulizunguka zizi, kana kwamba mtu anatembea. Mwaka 2013, akiwa na umri wa miaka 13, aliwasimulia watu habari hiyo huko Marekani. Ujuzi wa waya aliupata kwa kuifungua redio mpya ya mama yake, jambo lililomghadhibisha mama huyo sana.

Hesabu, msomaji, mara alizoshindwa kabla ya kufaulu. Kama mtu mzima angemletea taa zilizokwisha kuundwa, angalipata taa na kukosa yote mengine. Asingalijua kwa nini moto haukufaa, wala kwa nini sanamu ilifaa usiku mmoja tu. Kila kushindwa kulimwambia kitu kuhusu simba, na kitu hicho hakiuzwi katika duka la fundi wa redio.

Watasema pili kwamba maswali ya wanafunzi ni madogo mno, na kwamba waamuzi hawawezi kushangaa kwa habari za kuni na maziwa. Maziwa! Nashukuru kwa neno hilo, maana linanikumbusha kisa ambacho kila mwanafunzi wa Afrika Mashariki angepaswa kukijua.

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Tanganyika, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyeitwa Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi yao ilikuwa kuyachemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka katika jokofu yagande. Siku moja nafasi katika jokofu ilikuwa haba, na Mpemba, kwa kuogopa kuikosa, aliyatia maziwa yake yangali moto. Mwenzake alitia maziwa yasiyochemshwa kabisa. Baada ya saa moja na nusu Mpemba aliona maziwa yake yameganda, na ya mwenzake bado ni majimaji mazito. Alimwuliza mwalimu wa fizikia jinsi ilivyoweza kuwa hivyo. Mwalimu alimwambia kwamba amechanganyikiwa.

Mpemba hakulizika swali lake. Alipofika Shule ya Mkwawa, Iringa, aliliuliza tena, akajibiwa kwa mzaha kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Na wenziwe darasani wakaufanya mzaha huo msemo wa kumchekea. Akaingia maabara akajaribu mwenyewe, kwa maji ya moto na maji ya baridi katika vyombo viwili vidogo. Na Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, alipoizuru shule hiyo, Mpemba alisimama akamwuliza mbele ya wote. Wenziwe walicheka. Osborne hakucheka, aliahidi kujaribu.

Osborne alisimulia baadaye kwamba fundi wa maabara yake alileta habari kuwa maji ya moto yameganda kwanza, lakini akaahidi kuendelea kulirudia jaribio mpaka apate jibu lililo sahihi! Jambo hili linachekesha, lakini linachoma pia. Fundi yule alikuwa akifanya lile lile tunalolifanya sisi kwenye mashindano: alikwisha kulijua jibu kabla ya kuuliza, na jaribio lilikuwa la kulipamba tu.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliyachapisha majaribio yao katika jarida la Physics Education, na hata leo jambo hilo huitwa kwa jina la Mpemba duniani kote. Wataalamu hawajakubaliana juu yake. Mwaka 2016 Burridge na Linden waliandika kwamba hawakuona ushahidi wa maana kuwa linatokea. Ubishi huo haumwondolei Mpemba heshima yake hata kidogo. Heshima yake haikutokana na kuwa sahihi. Ilitokana na kuona kwa macho yake mwenyewe, kuuliza, kuchekwa, na kuuliza tena. Swali la maziwa ya mwanafunzi limewashughulisha wanafizikia kwa zaidi ya miaka 50. Ni kengele ipi ya gesi, iliyolehemiwa na fundi wa mjini, iliyofanya hivyo?

Watasema tatu kwamba mwalimu hawezi kukaa mikono kifuani. Kazi yake ni kusaidia. Ni kweli. Mwalimu na atoe ufunguo wa maabara na wakati wake. Awepo karibu penye asidi, penye moto na penye umeme, maana uhai wa mwanafunzi ni bora kuliko uhuru wake wa kujaribu. Aulize maswali magumu zaidi ya yale ya waamuzi. Lakini asiishike kalamu, wala asilishike bisibisi. Mpaka wake ni rahisi kuujua: je, wanafunzi wanaweza kukifungua chombo hiki chote usiku wa leo, wakakiunda upya kesho asubuhi, mwalimu akiwa hayuko? Wakiweza, ni chao. Wasipoweza, ni cha mwingine, na jina lao lisiandikwe juu yake.

Sasa huenda ukaniuliza, "Basi, mwalimu, nianze wapi?" Anza nyumbani kwenu. Pengine bibi yako huhifadhi maharagwe kwa kuyachanganya na majivu ya jikoni ili fukusi wasiyatoboe. Umeona jambo hilo tangu utotoni. Je, ni kweli kwamba majivu huwazuia fukusi? Na ikiwa ni kweli, ni kwa sababu majivu yana ukali fulani unaowadhuru, au ni kwa sababu yanajaza nafasi baina ya maharagwe, hata mdudu akose njia?

Twaa chupa tisa zinazofanana. Katika kila moja weka maharagwe 100 ya gunia moja, uliyoyachagua yasiyo na tundu. Chupa tatu ziache hivyo hivyo. Tatu zitie majivu makavu yaliyochekechwa. Tatu zitie mchanga mkavu, laini, wa kipimo kile kile. Katika kila chupa tia fukusi kumi, ufunge mdomo kwa kitambaa, uziweke zote mahali pamoja. Baada ya majuma manane hesabu maharagwe yaliyotobolewa.

Kwa nini tatu tatu? Kwa sababu chupa moja yaweza kukudanganya kwa bahati. Kwa nini zile zisizotiwa kitu? Kwa sababu bila ya hizo hutajua fukusi wangefanya nini wakiachwa. Na kwa nini mchanga? Kwa sababu mchanga hujaza nafasi kama majivu lakini hauna ukali wa majivu; ukiyalinda maharagwe sawasawa na majivu, umepata dalili ya sababu; usipoyalinda, umepata dalili nyingine. Jibu sitakuambia. Nikikuambia nitakuwa nimerudia dhambi yangu ya zamani.

Andika kila jambo katika daftari siku ile ile unapoliona, kwa kalamu isiyofutika. Chupa moja ikianguka ikavunjika, andika kwamba imevunjika. Hesabu zikipingana na ulivyotumaini, ziandike zilivyo. Daftari chafu lenye ukweli litakusimamia mbele ya mwamuzi kuliko bango la rangi saba, na siku mwamuzi atakapoweka kidole chake na kuuliza "kwa nini", hutahitaji kumtafuta mtu kwa macho.

Jaribio hili gharama yake ni ndogo. Huenda lisikupe kikombe. Waamuzi wengine bado hupofushwa na taa zinazomemeta, nami nawaambia wenzangu hao bila ya kuwaficha: mkitoa tuzo kwa chombo kabla ya kumhoji mwenye chombo, mnawafundisha watoto wa nchi hii kwamba wizi hulipa. Ulizeni daftari kwanza. Ulizeni kilichoshindikana. Mwanafunzi asiye na kushindwa hata kumoja kwa kusimulia, hakujaribu kitu.

Lakini wewe, msomaji, usiwangoje waamuzi watengenezwe ndipo uwe mkweli. Siku mwalimu atakapokujia na chombo kilicho tayari, kwa nia njema kama yangu, mwambie kwa adabu, "Mwalimu, tunakushukuru. Tunaomba utuachie swali letu, hata likiwa dogo, nawe utuulize maswali." Najua ni vigumu kwa mwanafunzi kumkatalia mwalimu. Hata hivyo maneno hayo si utovu wa adabu. Laiti wasichana wale wawili wangaliniambia hivyo; ningalikasirika siku moja, na kuwashukuru maisha yangu yote.

Swali lao la kuni bado lipo. Kila muhula nawapa walimu wanafunzi wa chuo chetu, nao hutoka nje na mizani na sufuria kupima, kwa kuwa mwalimu ambaye hakuwahi kulitafuta jibu mwenyewe atakuwa mwepesi wa kumnunulia mwanafunzi wake. Kama jikoni la shule yenu linapigwa na upepo, nawe unaweza kulichukua. Pima kuni, pima maji, pima muda, rudia mara tatu. Ukikwama, njoo uniulize. Lakini usiniombe nikuundie chombo.